Miaka 21 kwenye Kiti Kimoja

Mwaka 1977 Shabana Azmi, mwigizaji wa India, alitokea katika filamu mbili zisizofanana kwa lolote. Katika Amar Akbar Anthony ya Manmohan Desai yeye ni Laxmi, msichana tapeli wa barabarani anayeangukia mikononi mwa inspekta Amar, yaani Vinod Khanna. Anapendwa, anachukuliwa nyumbani, halafu hadithi inamsahau mpaka nyimbo zinapohitaji mwanamke wa tatu. Katika Shatranj Ke Khilari ya Satyajit Ray yeye ni Khurshid, mke wa bwana mkubwa wa Lucknow aliyezama katika sataranji hata hana habari na mkewe wala na ufalme unaonyakuliwa na Waingereza. Khurshid anasingizia kuumwa kichwa, anazificha kete, anambembeleza mume, na bado anashindwa na ubao wa mbao. Ni sehemu fupi, lakini ukitoka hapo unamkumbuka yeye kuliko majemadari wote waliomo.

Mombasa tunaijua ile ya kwanza. Ya pili ukiitaja barazani, utaulizwa kwanza kama ina nyimbo.

Wanaomsifu Shabana husema ni mwigizaji wa kila sura: mtumishi, mwenye danguro, mkuu wa genge la wahalifu, mchawi wa kutisha watoto, bibi mzee mwenye mahaba. Ni kweli, lakini sifa hiyo haitufundishi kitu. Maleba hubadilishwa na fundi cherehani, na kuna waigizaji waliovaa nguo mia wakabaki mtu yule yule. Ninachokitetea hapa huenda kikasikika kama kinyume chake. Naona upana wake ulitokana na kurudia: mwanamke huyu alikaa kwenye kiti kimoja, akasoma barua zile zile, kwa miaka 21. Na sisi tunaolalamika kila siku kwamba waigizaji wa kike wa Pwani wanapewa sura moja tu kwenye runinga, tunaitafuta dawa kwa watayarishaji wa vipindi, mahali ambapo haijawahi kupatikana.

Kwanza tukumbuke tulivyomjua. Mji huu umelelewa na picha za Kihindi. Waliokuwa vijana enzi za sinema za Regal, Naaz na Majestic watakusimulia filamu nzima bila kukosa tukio, na wengine hawakuwahi kujua neno la Kihindi zaidi ya yale ya mapenzi na kiapo. Nyimbo ziliposhuka kutoka kwenye kioo ziliingia harusini. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alijenga jina lake kwa kuyatwaa mahadhi hayo na kuyavisha mashairi ya Kiswahili, na mpaka leo kuna mtu wa Mji wa Kale ambaye ukimpigia wimbo wenyewe wa asili atakwambia Wahindi wamemwiga Bhalo.

Mapenzi hayo yalikuwa na upungufu mmoja. Katika picha ya Kihindi, wakati unaokumbukwa zaidi wa mwigizaji wa kike si wake peke yake. Anayeimba ni Lata Mangeshkar au Asha Bhosle. Mwigizaji anachezesha midomo. Basi tukawa tunampima kwa macho yake, kwa mwendo wake, kwa jinsi sari inavyomkaa, huku sauti iliyotuliza ni ya mtu mwingine aliyesimama studio mbele ya maikrofoni. Kilichobaki kuwa mali yake halisi ni yale mazungumzo ya kawaida kati ya wimbo na wimbo, ambayo wengi wetu tulikuwa tukiyatumia kwenda kununua njugu. Shabana anaishi katika mazungumzo hayo. Ndiyo maana Mombasa inalijua jina lake na haiijui kazi yake.

Mazungumzo hakuyapata kwa bahati. Babake, Kaifi Azmi, alikuwa mshairi wa Kiurdu na mkomunisti. Mamake, Shaukat, alikuwa mwigizaji wa jukwaani aliyefanya kazi na IPTA, kikundi cha maigizo ya umma, na Prithvi Theatre ya Prithviraj Kapoor. Shabana alizaliwa Septemba 1950 mjini Hyderabad, akakulia Bombay katika Red Flag Hall, nyumba ya chama ambamo kila familia ilikuwa na chumba chake na mengine yote yalikuwa ya pamoja. Mtoto wa nyumba hiyo alisikia mashairi yakisomwa kabla ya kujua kusoma, na alimwona mama akijifunza maneno ya mhusika huku shughuli za nyumbani zikiendelea. Chuoni St. Xavier's alisoma saikolojia, na hapo yeye na mwanafunzi mwenzake, Farooq Sheikh, wakaanzisha chama cha maigizo ya Kihindi. Tulishike jina hilo la Farooq. Baadaye akaenda taasisi ya filamu ya Pune, na mwaka 1974 akatoka na Ankur, filamu ndefu ya kwanza ya Shyam Benegal.

Katika Ankur ni Lakshmi, mtumishi wa tabaka la chini, mume wake bubu na kiziwi, anayetiwa mimba na mtoto wa mwenye shamba. Kwa filamu nzima anasema kidogo na kwa sauti ya chini, kama mtu ajuaye kwamba kila neno litadaiwa. Mwishoni, mumewe anapochapwa viboko bila kosa, sauti aliyoibana kwa saa mbili inafunguka yote, laana juu ya laana. Mwigizaji mchanga angeanza kulia tangu katikati. Yeye alijua kuweka akiba. Alipewa tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa kike kwa filamu yake ya kwanza kuonyeshwa, na tuzo hiyo ameichukua mara 5, zaidi ya mwigizaji mwingine yeyote wa kike wa India. Mara 3 kati ya hizo zilifuatana: Arth, Khandhar na Paar.

Arth ya Mahesh Bhatt ilitoka mwaka 1982. Masoom ya Shekhar Kapur mwaka 1983. Napenda kuziweka pamoja kwa sababu, ukizieleza kwa ufupi, ni hadithi moja: mke anagundua kwamba mume ana mwanamke mwingine. Hapa kwetu hilo ndilo shamba ambalo tamthilia za runinga hulilima masika na vuli. Tunajua linavyochezwa. Mke anapokea simu, glasi inaanguka, machozi, muziki wa huzuni, mama mkwe mlangoni.

Pooja wa Arth ameachwa kwa ajili ya mwigizaji wa filamu, Kavita, ambaye anachezwa na Smita Patil. Pooja analewa, anakwenda kwenye karamu ya watu wa heshima na kumtolea maneno mwenzake mbele ya wote, na Shabana hajaribu hata kidogo kutufanya tumpende wakati huo. Sari imelegea, maneno yanamtoka ovyo, aibu inamrudia yeye mwenyewe. Mwigizaji mwenye kujali jina lake angelificha baya hilo kwa machozi mazuri. Mwisho wa filamu mume anarudi kuomba msamaha, na Pooja anamuuliza: kama mimi ndiye ningefanya haya, wewe ungenipokea? Mume, kwa ukweli wake wa ghafla, anajibu la. Pooja anaondoka. Swali hilo Shabana analiuliza kama mtu anayeuliza bei ya kitu dukani. Ingekuwa kwetu lingepigwa kelele na kamera ingeruka mara tatu kwenye uso wake. (Nikiri upande wangu: katika Arth mimi naona kazi ngumu zaidi ilikuwa ya Smita, kwa sababu alipewa mtu wa kuchukiwa akamfanya mgonjwa wa kuhurumiwa. Mashabiki wa Shabana wa mtaani kwetu hawanisamehi.)

Indu wa Masoom yuko mbali kabisa na Pooja. Mume wake hakuondoka. Amekosa mara moja, miaka iliyopita, na kosa lenyewe limekuja na miguu yake: mtoto wa kiume asiye na mama wala hatia, anayeletwa kukaa nyumbani. Indu hana mtu wa kumtukana. Basi hasira yote inaingia kwenye vitu: sahani inavyowekwa mezani, mlango unavyofungwa, jicho linavyomruka mtoto likaenda kutua ukutani. Kuna nyakati Shabana anamkaribia mtoto na mkono wake unabadili nia njiani. Hakuna mwongozaji anayeweza kuandika hilo kwenye karatasi. Wake wawili waliosalitiwa, kwa tofauti ya mwaka mmoja tu, na hakuna ishara hata moja iliyohama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Hapo ndipo ninapompimia upana wake, kabla ya kumtazama mchawi wa Makdee au mama wa genge wa Godmother. Kumtofautisha mchawi na mke wa nyumbani ni rahisi. Wenye kuwatofautisha wake wawili wa nyumbani ni wachache.

Miaka hiyo hiyo alimcheza Rukmini Bai, mwenye danguro wa Mandi, mnene, mkali, mwenye huruma ya kibiashara. Na Rama wa Paar, mwanamke fukara mwenye mimba anayevusha kundi la nguruwe mtoni pamoja na mumewe, Naseeruddin Shah, kwa sababu hakuna kazi nyingine iliyobaki. Nayapita haraka hayo kwa kuwa yameandikwa sana.

Jukwaa lake halijaandikwa vya kutosha. Mwaka 1992 Shabana na yule Farooq Sheikh wa chuoni walianza kuonyesha Tumhari Amrita, mchezo uliosukwa na Javed Siddiqui kwa kuuhamishia India mchezo wa Mmarekani A. R. Gurney, na kuongozwa na Feroz Abbas Khan. Siddiqui ni mmoja wa wawili walioandika mazungumzo ya Shatranj Ke Khilari, kwa hiyo aliyemwandikia Khurshid maneno ndiye aliyemwandikia Amrita barua. Mchezo wenyewe ni huu: meza, watu wawili wamekaa, kila mmoja na karatasi zake. Amrita na Zulfikar waliandikiana tangu utotoni kwa miaka 35, na barua hizo ndizo zinazosomwa. Hawainuki wala hawagusani. Hawatazamani. Hakuna wimbo, hakuna taa za kubadilika kila dakika, hakuna mlango wa kuingilia adui.

Walioambiwa habari zake mwanzoni walikuwa na haki ya kucheka. Nani atalipa kiingilio kuja kusomewa barua? Watu walilipa kwa zaidi ya miongo miwili, India na nje. Desemba 2013 waliucheza Agra, Taj Mahal ikiwa nyuma yao, na kabla mwezi haujaisha Farooq akafariki dunia Dubai. Shabana akawa hana wa kumwandikia.

Fikiria sasa kazi hiyo inamdai nini mwigizaji. Umenyang'anywa miguu na mikono. Huwezi kumtazama mwenzako kwa kuomba msaada. Umebaki na sauti tu, ya mtoto, kisha ya msichana, kisha ya mwanamke aliyechoka, ukiwa umevaa nguo ile ile. Na wakati mwenzako anasoma, wewe huna neno, lakini ukumbi unakutazama ukisikiliza barua ambayo umeshaisikia mamia ya usiku, na inabidi ikuchome kama ndiyo kwanza imefika. Mtu akifanya mazoezi ya namna hiyo mwaka hadi mwaka, mbele ya kamera hahitaji tena kuambiwa asimamie wapi. Tazama sehemu zake ndogo za miaka ya baadaye, mathalani mama wa mhudumu wa ndege katika Neerja ya mwaka 2016. Hana mengi ya kusema, lakini hotuba yake ya mwisho imejengwa juu ya ujuzi wa kusubiri neno lifike.

Kisha ukaja mchezo mwingine ulioliunganisha jukwaa na kioo waziwazi. Katika Broken Images wa Girish Karnad, ulioongozwa na Alyque Padamsee, Shabana ni mwandishi aliyeandika miaka yote kwa lugha ya kwao bila utajiri, akatoa riwaya moja kwa Kiingereza na kuwa maarufu duniani. Anamaliza hotuba studio ya televisheni, anataka kuondoka, na sura yake mwenyewe kwenye skrini inamwita na kuanza kumhoji. Sehemu ya skrini imerekodiwa mapema. Yeye yuko hai jukwaani, akijibizana na yeye yule wa jana ambaye hamsubiri: akichelewa nusu sekunde, akikohoa, mtazamaji akicheka kuliko ilivyotarajiwa, picha inaendelea na maneno yake. Wanaosema uigizaji wa jukwaa na wa kamera ni ufundi mmoja, na wanaosema ni fani mbili zisizokutana, wote wangekaa kimya kwa saa hiyo moja. Na mada yenyewe, ya mwandishi anayeulizwa kwa nini aliihama lugha yake, sijui kwa nini haijaigizwa Mombasa kwa Kiswahili mpaka leo.

Sisemi kila alichokigusa kilikuwa dhahabu. Miaka ya 1970 na 1980 alicheza picha nyingi za sokoni ambazo zimesahauliwa, na kwa haki. Laxmi wa Amar Akbar Anthony angeweza kuchezwa na yeyote mwenye kiuno. Lakini hakujitenga na soko kwa kiburi, na soko halikumla. Mwaka 2023 alirudi katika Rocky Aur Rani Kii Prem Kahaani, filamu ya rangi, ngoma na kelele, kama bibi anayekutana na mpenzi wa zamani, Dharmendra, ambaye kumbukumbu zimempotea. Bibi huyo anaitwa Jamini, jina lile lile la msichana aliyemcheza katika Khandhar ya Mrinal Sen mwaka 1984, akimuuguza, katika jumba lililobomoka, mama kipofu anayemngoja mwanamume asiyekuja kumwoa bintiye. Sijui kama walipanga. Aliyeziona zote mbili anamwona Jamini wa pili akimkumbatia mzee na kuhisi kwamba miaka 39 ya kungoja imelipwa.

Sasa turudi kwetu. Runinga imeipenda Pwani. Tamthilia za Sultana na Pete zimeonyesha kwamba nchi nzima inataka kusikia Kiswahili cha hapa, na hilo limewapa binti zetu kazi na mapato. Lakini wanaingia kwa tikiti ya lafudhi. Binti akisema "n'shakwambia" vizuri, amepita. Kisha anapangiwa chumba chake: mke mnyonge, mke mwenza mwenye sumu ya maneno, mama mkwe, au mwenye jini. Miaka mitano baadaye bado yumo chumbani humo, na mtayarishaji anasema hadhira ndiyo inayotaka. Ningemlaumu mtayarishaji kama angekuwa amemkataa mwigizaji aliyekwisha kujionyesha upana wake mahali pengine. Mahali penyewe hapapo. Tamthilia ya runinga hurekodi matukio mengi kwa siku moja. Mwigizaji anapewa maneno asubuhi, anayasema mchana, anayasahau usiku. Hapo hapati nafasi ya kugundua kwamba jana alikosea pumzi. Kila kitu anakifanya mara ya kwanza, na mara ya kwanza mwanadamu hukimbilia alichokizoea.

Tuna jukwaa moja tu linalorudia, na hatuliheshimu: setibuku. Vikundi vinavyozunguka shule za sekondari na tamthilia za kutahiniwa, Kigogo ya Pauline Kea zamani kidogo, Bembea ya Maisha ya Timothy Arege baadaye, ndivyo vinavyomfanya mwigizaji aseme maneno yale yale shule baada ya shule, ukumbi wenye mwangwi, wanafunzi 600 ambao nusu yao wamelazimishwa kuja. Binti anayemcheza Sara, mama mgonjwa wa Bembea ya Maisha, akikosekana mwenzake anavaa Neema siku ya pili. Anajua ni sentensi gani inayowanyamazisha kidato cha nne na ipi inawafanya wapige mluzi. Ukimuuliza anafanya kazi gani atakujibu kwa haya kwamba "anangoja kuitwa na runinga". Na akiitwa, kwenye usaili ataambiwa apunguze: jukwaa ni kelele, kamera ni utulivu.

Ushauri huo una ukweli nusu. Setibuku ni kelele kwa sababu ya mwangwi na watoto 600. Tumhari Amrita ni jukwaa pia, na hakuna kamera iliyowahi kumtuliza mtu kiasi kile. Tatizo letu ni kwamba mchezo usio wa mtihani huishi siku mbili. Unafanyiwa mazoezi wiki sita, unaonyeshwa Ijumaa na Jumamosi, jamaa na marafiki wanapiga picha, mapambo yanapelekwa stoo. Mwigizaji ameanza tu kumwelewa mhusika wake anapoagwa.

Nasikia kila mara kwamba hatuna pesa za maonyesho marefu. Mchezo wa Shabana na Farooq ulikuwa na meza. Mombasa ni mji wa mshairi Muyaka. Watu wake wamejibizana kwa mashairi tangu kabla ya reli, na kuna familia ambazo bado zina barua za mabaharia, za wake waliobaki Kuze wakiwaandikia waume walioko Bahrain na Muscat. Mshairi wetu mmoja akikaa miezi mitatu anaweza kusuka barua za watu wawili, nathari kwa siku za shwari, tungo pale moyo unapowaka. Pa kuigizia papo: Little Theatre Club, Swahilipot karibu na Fort Jesus, ukumbi wowote wa shule baada ya saa kumi na moja. Gharama ni nauli, chai na bango la mlangoni.

Kigumu ni kuwapata wawili watakaoweka sahihi kurudi kwenye meza hiyo Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi kwa miaka mitano, hata mwezi wakija watu kumi na wawili, hata siku ile runinga itakapopiga simu na malipo ya siku tatu ya kumcheza mama mkwe. Ninawajua waigizaji wa kike wa setibuku wanaoweza. Wa kiume bado ninatafuta.